Safari Inauzwa, Potwe Hauzwi: Mazungumzo na Wasafiri wa Likizo Kisiwani Mafia



Nimeombwa nizungumze juu ya haki za mlaji katika safari za matembezi. Neno hili "mlaji" huwachekesha wengi, nami siwalaumu. Katika lugha ya sheria zetu, mlaji ni mtu anayenunua bidhaa au huduma kwa matumizi yake mwenyewe, hata kama hatii kitu kinywani. Aliyelipa kupanda mashua kwenda kumtazama potwe ni mlaji, ingawa asubuhi hiyo anayekula hasa ni potwe mwenyewe, anayepita kinywa wazi akichuja uduvi.

Naomba nianze na kisa changu, maana si haki kuwafundisha wenzangu tahadhari bila kukiri kwanza kwamba mimi niliikosa.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa tayari mtumishi katika kazi hii hii ya kumlinda mlaji, nilikuja Mafia kwa likizo ya Desemba pamoja na mke wangu na wapwa zangu wawili. Safari niliipata kwa njia ya simu. Tangazo lilikuwa na picha ya kijana aliyeshika pezi la potwe, na chini yake maneno: "Utamwona, tunakuhakikishia." Nilituma fedha yote kwa namba ya mtu ambaye sikumjua jina la biashara yake. Sikuuliza bei ile inabeba nini na inaacha nini. Tulipofika, nikaambiwa kwamba nilicholipa ni mashua tu. Miwani na mrija wa kupumulia vinakodishwa, mwongozaji ana malipo yake, na chakula cha mchana kila mtu ajitegemee. Nikalipa tena, kwa kuwa watoto walikuwa wamesimama pale wakinitazama.

Kesho yake alfajiri tulikuwa watu kumi na watatu ufukweni. Nilihesabu majaketi okozi, kwa mazoea ya kazi. Yalikuwa tisa. Ndugu zangu, niliyahesabu nikanyamaza. Niliwavika watoto, mke wangu akapata moja, nami nikapanda bila. Tulizunguka saa mbili bila kuona kitu. Manung'uniko yakaanza, mmoja wetu akasema kwa sauti, "Tumelipa sisi." Nahodha akapiga simu, akageuza chombo, akakimbilia mahali ambapo vyombo vingine vinne vilikuwa vimekwisha kumzunguka samaki mmoja. Samaki akazama. Tukadai tusogee mbali zaidi, ilhali upepo ulikuwa umeanza kupanda, naye akasogea. Tulirudi tukiwa tumelowa kwa mawimbi, mpwa wangu mdogo akilia njia nzima. Tulifika salama, na kwa kuwa tulifika salama, hakuna aliyelalamika. Mimi pia sikulalamika.

Tangu siku hiyo nimejiuliza mara nyingi kosa lilikuwa la nani. La kwanza ni la muuzaji, aliyeahidi kitu kisicho chake. Lakini nahodha hakuwa ndiye mwandishi wa tangazo. Yeye aliachiwa deni la ahadi ya mtu mwingine, na wadai wake tulikuwa sisi tuliokaa ndani ya mashua yake. Ndiyo maana leo nitasema habari mbili kwa pamoja: yale mnayopaswa kuyadai bila kuona haya, na lile moja ambalo hamna haki ya kulidai, kwa sababu hakuna awezaye kuliuza.

Nianze na hilo moja. Potwe ni samaki, si nyangumi. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na wengi wanaoonekana hapa kwetu ni vijana ambao hawajafikia ukubwa wao wote. Anakuja karibu na Kilindoni kwa ajili ya chakula. Msimu wa kumwona, kama wenyeji wote wajuavyo, ni kuanzia Oktoba hadi Machi. Wengi hudhani kwamba nje ya miezi hiyo samaki huyu huhama. Watafiti waliowawekea potwe wa Mafia vifaa vya kutoa sauti chini ya maji waligundua kwamba baadhi yao hukaa jirani na kisiwa mwaka mzima, ila wakati mwingine hujitenga na pwani na kukaa kwenye maji ya kina kirefu zaidi, macho yetu yasiwafikie. Kwa hiyo neno "msimu" halina maana kwamba potwe yupo au hayupo. Lina maana kwamba huonekana kwa urahisi zaidi au kwa shida zaidi. Na hata katikati ya Desemba, siku ambayo uduvi haukupanda juu, potwe naye hapandi. Hakuna risiti itakayomleta.

Basi muuzaji mwaminifu anaweza kuahidi nini? Anaweza kuahidi chombo kizima kilichokaguliwa, nahodha anayeijua bahari hii, mwongozaji mwenye leseni, muda wa kukaa baharini uliotajwa kwa saa, vifaa vinavyomwenea kila mtu, na kurudishwa salama. Anaweza pia, kwa hiari yake, kuahidi kwamba potwe asipoonekana mtapewa safari nyingine kwa nusu ya bei, au bure. Wapo wanaofanya hivyo, na hilo likiandikwa linakuwa sehemu ya mkataba. Lakini anayesema "hakika utamwona" amesema asilolijua. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo ndiyo ngao kubwa ya mlaji nchini, inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au unaoelekea kumpotosha mnunuzi. Nami nasema tangazo la namna ile ni la kukimbiwa kwa sababu nyingine pia: aliyekuahidi samaki atalazimika kumfukuza samaki ili asionekane mwongo, na wewe utakuwa ndani ya chombo wakati anapofukuza.

Kuhusu picha ile ya kijana aliyeshika pezi, tumieni picha za namna hiyo kama kipimo. Potwe haguswi, hapandwi, hazuiwi njia, wala hamulikwi kwa mwanga wa kamera. Waogeleaji hukaa ubavuni mwake kwa umbali wa mita kadhaa, na mbali zaidi upande wa mkia, kwani mkia ule ukikupiga kwa bahati mbaya hautakuuliza ulilipa kiasi gani. Watu huingia majini kwa zamu, wachache wachache, na nahodha hukaa pembeni akiwa amepunguza mwendo. Tangu mwaka 2016 samaki huyu ameorodheshwa kimataifa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka. Biashara inayojitangaza kwa picha ya mtu aliyemshika imekwisha kueleza yenyewe jinsi inavyoendesha shughuli zake, na yamkini majaketi yake okozi nayo hayatoshi.

Sasa nije kwenye yale ya kudai.

Jambo la kwanza ni bei, tena bei iliyofunuliwa yote. Kabla ya kutoa arubuni, ombeni kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu, maelezo ya kile kilichomo: mashua na mafuta yake, mwongozaji, miwani na mrija, chakula, maji ya kunywa, usafiri wa gari kutoka mlipofikia, na ada za serikali au za kijiji. Hizo ada ndizo chanzo cha ugomvi mwingi, kwa hiyo nizieleze kidogo. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilitangazwa mwaka 1995, chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994, na ndiyo ya kwanza ya aina yake nchini. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 822, na ndani yake wanaishi watu vijijini mwao, jambo ambalo wageni wengi hulisahau. Lango lake liko Utende, yapata kilomita 15 kutoka hapa. Anayekwenda kulala Utende au kutembelea Chole, Juani na Jibondo anaingia hifadhini, na ada hudaiwa kwa siku, raia kwa kiwango chake na mgeni kwa kiwango chake. Potwe, kwa upande mwingine, huonekana zaidi huku magharibi, mbele ya Kilindoni. Kwa hiyo muulizeni muuzaji swali lililo wazi: safari hii inadaiwa ada gani, inalipwa wapi, na je, imo katika bei uliyonitajia? Malipo ya serikali hulipwa kwa namba maalumu ya malipo na hutolewa stakabadhi. Mtu akikuomba "ada ya hifadhi" mkononi, gizani, bila karatasi, huyo si hifadhi.

Hali kadhalika na fedha ya kigeni. Kanuni zilizotolewa Machi 2025 zinakataza huduma za hapa nchini kutangazwa au kutozwa kwa fedha za kigeni, isipokuwa katika mambo machache yaliyotajwa. Mwananchi anayetajiwa bei ya matembezi kwa dola, kisha akabadilishiwa kwa kiwango ambacho muuzaji amekitunga kichwani, ana haki ya kusema: nitajie kwa shilingi. Mseme kwa adabu, lakini mseme.

Risiti ya mashine nayo msiione kama usumbufu wa mfanyabiashara na mamlaka ya kodi. Mnunuzi naye anawajibika kisheria kuidai. Juu ya hayo, siku ya ugomvi karatasi ile ndogo ndiyo inayoonyesha uliuziwa nini, na nani, na lini. Mimi katika kisa changu nilikuwa na ujumbe wa simu unaoonyesha jina la mtu binafsi na kiasi cha fedha, basi. Ningemshitaki nani, kwa lipi?

Leseni nayo huonekana kuwa jambo la maofisini, lakini si hivyo. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inamtaka anayefanya biashara ya kuwasafirisha au kuwaongoza watalii awe na leseni. Kuomba kuiona si kumtukana mtu. Mwongozaji aliyesajiliwa hukionyesha kitambulisho chake kwa furaha, kwa kuwa kimemgharimu fedha na jasho, na kila mara mnapomchukua asiye nacho mnamwadhibu aliye nacho. Vijana wa ufukweni nawaheshimu. Wengi wanaijua bahari kuliko mimi ninavyoijua njia ya ofisini kwangu. Wasajiliwe, ili ujuzi huo uwalipe.

Nimefika penye jambo zito, nalo ni usalama wa chombo. Hapa sitakwenda haraka.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Victoria, kikikaribia gati. Vyote viwili vilikuwa vimebeba watu kupita uwezo wake, na katika kila kimoja walikufa mamia. Mtasema, hivyo vilikuwa vyombo vikubwa vya abiria. Sisi tunazungumzia mashua ya matembezi ya watu kumi. Ni kweli. Lakini maji hayapimi ukubwa wa chombo kabla ya kukiingia, na hesabu ni ile ile: watu wangapi, chombo kimeruhusiwa kubeba wangapi, majaketi okozi mangapi. Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, yaani TASAC, ndilo linalosimamia usalama wa vyombo vya majini Tanzania Bara. Chombo cha kubeba abiria hukaguliwa, na idadi ya watu kinachoruhusiwa kubeba hujulikana. Ulizeni idadi hiyo kabla ya kupanda. Kisha hesabuni vichwa na majaketi, kama nilivyofanya mimi, na msinyamaze, kama nilivyofanya mimi.

Na kuna jaketi na jaketi. Likague kabla chombo hakijang'oa nanga: mikanda yake inafunga, boya la ndani halijaoza, linamwenea atakayelivaa. Jaketi la mtu mzima likivalishwa mtoto wa miaka sita humteleza kichwani akiingia majini. Ni afadhali kusubiri chombo kingine kuliko kujidanganya. Tena livaliwe. Jaketi lililokunjwa chini ya benchi ni mto tu. Wengi wetu tuliozaliwa bara hatujui kuogelea, na hatupendi kulisema hilo mbele za watu. Mwambieni mwongozaji, hata kwa kumvuta kando. Anaweza kuwashika mkono, kuwapa boya la kushikilia majini, au kuwashauri mtazame mkiwa ndani ya mashua, na potwe anayepita ubavuni mwa mashua anaonekana vizuri mno.

Kisha kuna pepo. Mafia ina majira yake, na msafiri anayenunua tarehe ananunua pia upepo wa tarehe hiyo. Wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, bahari ya nje huwa na utulivu kiasi cha wazamiaji kuweza kupita lango la Kinasi na kuzamia nje ya ghuba ya Chole. Kusi ikishika, kuanzia katikati ya mwaka, uzamiaji hufanyika zaidi ndani ya ghuba, penye hifadhi. Anayewauzia mwezi Julai mizamio ya nje ya lango kana kwamba ni jambo la kila siku, mwulizeni atafanyaje upepo ukikataa. Aprili na Mei ni masika. Mvua ni nyingi na baadhi ya nyumba za wageni hufungwa. Bei nafuu ya miezi hiyo ina sababu yake. Hayo yote si siri. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa upepo mkali na mawimbi makubwa kila siku, na mwenye chombo hana budi kuufuata.

Hapa nina ombi kwenu ninyi wanunuzi. Nahodha akisema leo hatutoki, msimbishie. Haki yenu siku hiyo ni kupewa siku nyingine au kurejeshewa fedha kwa safari isiyofanyika, kwa kadiri ya masharti mliyokubaliana. Si kumlazimisha atoke. Ndiyo maana masharti ya kuahirisha yanatakiwa yaandikwe kabla, wakati kila mtu bado anacheka. Iandikwe: hali ya hewa ikizuia, fedha inarudi yote au kwa kiasi gani, na kwa siku ngapi. Aliye na ndege ya kuondoka kesho asiiweke safari ya bahari siku yake ya mwisho, kwa kuwa hapo ndipo watu huanza kubembeleza upepo. Na mzamiaji aliyezamia mara kadhaa anatakiwa asubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, hata hii ndogo ya kwenda Dar es Salaam ambayo haikai angani muda mrefu. Muuzaji anayewapangia kuzamia asubuhi na kuruka jioni anahatarisha afya zenu ili kujaza ratiba yake.

Maji kujaa na kupwa ni habari nyingine ambayo matangazo huisahau. Mafungu ya mchanga yanayopigwa picha nzuri, kama lile la Mange, hujitokeza maji yakipwa na kumezwa yakijaa. Kuyafikia magofu ya Kua, kule Juani, kwa kupitia mikokoni kunategemea saa ya maji. Safari iliyopangwa saa nne kila siku ya mwezi, bila kutazama bamvua wala maji mafu, imepangwa na mtu asiyeijua bahari, au anayejua na hajali.

Nimezungumza sana habari za bahari, na nchi kavu inaninung'unikia. Huko tunachonunua hasa ni maneno ya mwongozaji, na maneno nayo yana ubora wake. Chukueni mfano wa Chole. Kisiwa kile kidogo kilikuwa makao ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1913, walipohamia hapa Kilindoni penye nanga bora zaidi, na magofu yao bado yapo, mizizi ya miti imeyakumbatia. Miaka miwili baadaye, Januari 1915, Waingereza waliiteka Mafia, na kutoka hapa wakaiandama manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha katika delta ya Rufiji, hadi ikaangamizwa Julai mwaka huo. Mwongozaji mzuri anayajua haya, na anajua pia kusema mahali ambapo historia inaishia na masimulizi yanaanza.

Kua ndipo penye mtihani wenyewe. Mji ule uliangamizwa na Wasakalava kutoka Bukini mwanzoni mwa karne ya 19, nao umeacha misikiti na jumba la kifalme. Lakini wazee husimulia kisa kingine, cha zamani zaidi: kwamba watu wa Kisimani walipomaliza kuunda jahazi waliwaalika watu wa Kua, wakawakamata watoto wao wakawalaza mchangani, na jahazi likashushwa juu yao, na kwamba watu wa Kua walilipiza baada ya miaka kwa kuwaalika watu wa Kisimani arusini, wakawafungia katika chumba cha chini ya ardhi wafie humo. Mwongozaji mmoja aliwahi kunionyesha chumba chenyewe kwa kidole, bila kusitasita. Mwingine, siku nyingine, alinionyesha mahali tofauti kabisa. Wa tatu alisema: "Wazee husimulia hivi, mahali hasa sijui." Huyo wa tatu ndiye niliyemwongezea bakhshishi. Simulizi haipungui utamu kwa kuitwa simulizi.

Mkiwa pale, msiokote vigae wala kung'oa jiwe la ukumbusho. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda, na anayewaambia "chukua tu, hakuna anayeona" anawatia hatiani ninyi, si yeye. Simbi na matumbawe yaliyokaushwa ni vivyo hivyo: msinunue. Na wale popo wakubwa wa Chole, walao matunda, waliojaa mitini kama mabembea meusi, wanalala mchana. Kuna wageni humwomba mwongozaji apige makofi ili waruke picha ipatikane. Mwongozaji maskini, akiitazama bakhshishi, hupiga. Mnaona jinsi ombi moja la mlaji linavyoweza kuwa amri?

Kuangua kwa kasa, huko Juani, nitakugusia kwa ufupi, kwa kuwa ndiko kunakoendeshwa kwa utaratibu bora zaidi. Mayai hukaa mchangani siku 50 hadi 60 hivi, na wasimamizi wa viota hukadiria siku ya kuangua. Wanasema "tunakadiria". Mgeni anaambiwa mapema kwamba huenda vifaranga wakatoka jana yake au kesho yake. Hakuna anayewagusa, na hakuna anayewamulikia taa. Natamani lugha ile ya makadirio iazimwe na wauza safari za potwe.

Sasa, mambo yakiharibika. Mlaji wetu ana tabia mbili: ama hunyamaza kabisa, kama mimi, ama hupiga kelele ufukweni kisha akasahau akishafika nyumbani. Zote mbili hazimsaidii atakayekuja kesho. Anzeni kwa mwenye biashara mwenyewe, kwa maandishi, mkitaja tarehe, mlichoahidiwa, mlichopata, na mnachotaka: kurejeshewa fedha, sehemu yake, au safari nyingine. Mambo mengi huishia hapo, maana Mafia ni kisiwa na jina la mtu ni mtaji wake. Asiposikia, pelekeni barua hiyo hiyo pamoja na risiti katika ofisi ya Halmashauri ya Wilaya, kwa afisa anayehusika na biashara au utalii, na nakala kwa Tume ya Ushindani kama mlipotoshwa juu ya kilichouzwa. Kama ni hatari ya chombo, yaani majaketi hayatoshi, watu wamezidi, nahodha amelewa, msisubiri mrudi likizo. Toeni taarifa siku hiyo hiyo kwa TASAC au polisi, kwani chombo hicho kesho alfajiri kitabeba wengine. Aliyepokea fedha na kutoweka amefanya jinai, si ugomvi wa biashara. Huyo ni wa polisi moja kwa moja.

Mtaniuliza kama mimi nilifanya hivyo. Niliandika, baada ya miezi miwili, nilipoacha kujionea haya. Mwenye chombo hakuwa ndiye aliyepokea fedha yangu, na hakujua bei niliyolipa. Alipoijua alisikitika kuliko mimi, kwa kuwa yeye alikuwa amepewa chini ya nusu. Majaketi manne yaliyopungua yalikuwa yameazimwa na jirani yake, hayakurudi. Mwaka uliofuata nilipanda chombo kile kile. Tulikuwa watu tisa, majaketi kumi na mawili. Tulikaa baharini saa tatu na hatukumwona potwe hata mmoja. Mpwa wangu mdogo, yule aliyelia, alivua kofia akawa anahesabu membe.

Nimeambiwa kwamba wanaokwenda Chole mchana huu gari lao la Utende linaondoka saa tano kamili, kwa sababu maji yataanza kupwa mapema, na mwenye kuchelewa atatembea topeni. Kwa hiyo tuchukue maswali machache. Naona mama yetu pale nyuma ameinua mkono. Karibu, mama, wewe uwe wa kwanza.